Unga wa Kujazia

Lebo niliichapa mimi. Naanza na hilo kabla mtu hajaninyooshea kidole, maana Voi ni mji mdogo na wanaojua ni wengi. Duka langu la kuchapa na kutoa fotokopi liko nyuma ya soko, na yule mwuza vidonge vya mlonge ni mteja wangu wa miaka. Alinijia na karatasi aliyoichana kwenye daftari, akataka lebo ya chupa yenye picha ya tawi la mlonge na neno "asili" kwa maandishi ya kijani. Kwenye karatasi alikuwa ameorodhesha vilivyomo: majani ya mlonge, maltodekstrini, wanga wa mahindi, na kitu cha nne chenye jina refu kama treni ya mizigo. Picha ya tawi ilikuwa imekula nafasi yote. Nikamwambia majina haya hayaenei, labda tuandike "majani ya mlonge na viungo vingine". Akasema sawa tu, dadangu, wewe ndiye fundi. Nikachapa, na hata nikajisifu moyoni kwamba lebo imekaa safi.

Kwa hiyo hasira nitakazozisema hapa zinaanzia kwangu. Lakini haziishii kwangu, na sitakubali mtu aniambie ziishie hapo.

Mama yangu ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na sijapata kuona mtu aliyeshika masharti kama yeye. Chai hunywa bila sukari. Mahamri aliyaacha, na yeye ndiye aliyekuwa akiyapika vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwetu Kaloleni, hii Kaloleni ya Voi. Harusini hubeba kopo lake la mchicha na kipande cha samaki, akakaa na wanaokula biriani bila kinyongo. Mashoga zake humtania kwamba akifika peponi atauliza kwanza ile mito ya asali inaruhusiwa vijiko vingapi. Hucheka nao. Ilikuwa fahari yake, ndiyo. Mama hana mali wala cheti cha shule; ana neno lake, kwamba akisema amekula kitu fulani, ndicho alichokula.

Mwuza mlonge ni mtu wa milimani, wa Mwanda, aliyeoa na kujenga hapa mjini. Jumapili huuza nje ya makanisa, Ijumaa huja na begi lake karibu na msikiti, na siku za katikati huzunguka kwenye vikundi vya akina mama. Ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alimwambia mama kwamba mlonge unashusha sukari, unashusha presha, unatia nguvu magotini, na kwamba majani yake yanatoka Ronge, yamekaushwa kivulini, hayana dawa hata moja ya dukani. Mama hakuruka upesi. Alimwuliza swali ambalo mwanamke yeyote wa mtaa wetu angelianza nalo: hili ganda la kapsuli limetengenezwa kwa nini?

Hapo yule bwana alikuwa mkweli, nampa haki yake. Alisema ganda ni la jelatini, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa, na anadhani ni ya ng'ombe. Mama akauliza ng'ombe huyo alichinjwa na nani. Akasema hajui, ganda huja tupu katika paketi kutoka Nairobi. Basi mama akanunua chupa mbili na kuamua kufanya kama wanavyofanya wote pale mtaani kwa kapsuli yoyote wanayoitilia shaka. Walikaa barazani asubuhi, yeye na majirani watatu, mkeka chini na sinia katikati, wakafungua kapsuli moja moja kwa kucha na kumimina unga, kama wanavyopukuchua mbaazi. Maganda wakayatupa. Unga wakautia kwenye vichupa vya jemu, kila mtu na chake, na kila mmoja akaondoka pale na dhamiri safi.

Siwacheki. Walikagua walichofundishwa kukagua. Lakini nikilikumbuka lile sinia roho inaniuma, kwa sababu ganda ndilo lililokuwa kitu pekee katika chupa ile kilichoulizwa habari zake. Unga wenyewe uliingia nyumbani mwetu bila kuulizwa jina.

Yule bwana alipoona wateja wake wa Kaloleni wanatupa maganda, alitumia akili ya biashara. Kwa nini apoteze maganda na saa za kujaza? Akaanza kuwauzia unga mtupu katika makopo, mchanganyiko ule ule, na maelezo mapya aliyoyatoa kwa mdomo: kijiko kikubwa kimoja, mara tatu kwa siku, kwenye uji au maji ya vuguvugu. Kapsuli mbili za asubuhi zingekuwa na unga wa kupaka kwenye ncha ya kijiko. Sasa mama alikuwa anachota vijiko vitatu vilivyojaa hadi kumwagika, na siku ambazo magoti yalimsumbua aliongeza cha nne.

Yule bwana alinijia tena kwa lebo ya makopo. Na hapa naomba msomaji asinionee huruma. Kopo lilikuwa kubwa. Lebo yake ilikuwa na nafasi ya kuandika yale majina manne, tena kwa herufi ambazo mama angeziona bila miwani. Mimi nilifungua faili la zamani, nikalivuta pembeni kwa kipanya cha kompyuta likawa kubwa, nikachapa. "Majani ya mlonge na viungo vingine." Kazi ya dakika tatu.

Mwezi wa kwanza sukari ya mama ilipanda kidogo. Mwezi wa pili ilipanda sana. Alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka kuchunga juani huko Ndara mchana kutwa, akawa anaamka kwenda msalani mpaka akachoka, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto alichojikwaa nacho kwenye ngazi kikakataa kukauka. Kliniki alikuwa haikosi. Anayewahudumia wagonjwa wa sukari pale ni dada mmoja kijana, mpole, ambaye sote tunamwita daktari. Alitazama kipimo, akatazama kitabu cha mama cha kliniki, akauliza kwa upole, "Mama, nyumbani tunakula nini hizi siku?" Mama akamtajia chakula chote, kimoja baada ya kingine. Uji wa wimbi usio na sukari. Mchicha. Samaki. Ugali kiasi cha ngumi. Na mlonge, akasema, dawa ya majani. Daktari alitikisa kichwa kwa huo mlonge, akasema majani hayapandishi sukari, mama akumbuke vizuri. Mama akasema amekumbuka vizuri. Basi daktari akaandika mstari mmoja kwa Kiingereza kwenye kitabu.

Nje, kwenye benchi, mama aliniomba nimsomee. Nilimsomea. Kilikuwa kinasema kwamba mgonjwa hafuati masharti ya chakula.

Alikifunga kile kitabu ndani ya leso yake, tukaenda nyumbani kwa bodaboda mbili, yeye mbele mimi nyuma, na njia nzima nilikuwa natazama mgongo wake ulivyonyooka.

Laiti ningekuwa na adabu ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na hofu, na hofu ilinifanya mjinga. Siku aliyokwenda kwa jirani kusoma hitima niliingia chumbani mwake nikapekua. Mimi, mtu mzima, niliinua godoro. Nilifungua sanduku lake la nguo. Chini ya kanga nikakuta mfuko wa tende, nikahisi nimempata. Aliporudi niliuweka mezani mbele yake. Aliutazama, akanitazama, akasema hizo ni za wajukuu, za Ramadhani. Kisha akauchukua akaupeleka kwa jirani. Alipofika mlangoni ndipo nilipoona kwamba mfuko ulikuwa bado umefungwa lile fundo la dukani. Nilikuwa nimeuona mfuko, fundo sikuliona.

Kidole kikawa cheusi ukingoni. Daktari akaongeza dawa, akamwandikia na sindano, na bado sukari ilipanda. Safari hiyo sauti yake ilikuwa na ukali kidogo, akamwambia mama kwamba mguu haudanganyiki. Mama akaacha kula ugali kabisa. Akawa anakunywa uji wake mwembamba tu, na ndani ya uji kijiko kikubwa cha mlonge, maana hicho ndicho kilichobaki kumpa matumaini.

Nilikuja kuujua ukweli kwa bahati tu. Nilikuwa nimemkorogea ule uji asubuhi, mkono ukachafuka unga, nikaulamba kidole. Jani la mlonge nalijua. Shangazi yangu alikuwa nao uani, na tulipokuwa watoto tulitafuna majani yake kwa ubishi wa nani atavumilia; yana ukali wa figili na uchungu unaobaki kooni. Kidole changu hakikuwa na ukali wala uchungu. Kilikuwa na utamu mdogo, wa mbali, kama maziwa ya unga ya mtoto. Nikachota tena. Nikamwaga kijiko kwenye kisahani cheupe nikakipeleka dirishani. Ulikuwa unga mweupe uliotiwa kijani kidogo ili uonekane.

Siku iliyofuata sikunywa chai. Nilichukua mashine ya mama ya kupimia sukari nikajitoboa kidole, namba ikatoka nzuri. Nikakoroga vijiko viwili vikubwa vya mlonge kwenye maji, nikanywa, nikakaa kwenye kiti bila kufanya kitu kwa muda wa saa moja kama mtu anayengoja basi. Nikajitoboa tena. Mimi sina sukari. Kongosho langu ni zima. Na namba ilikuwa imeruka kiasi kwamba nilisafisha kidole na kupima mara ya tatu.

Ndipo nilipolitafuta kwenye simu lile neno nililolikata kwenye lebo. Maltodekstrini ni wanga uliovunjwavunjwa mpaka ukawa mwepesi. Huyeyuka upesi, huingia damuni upesi, na kwa mtu mwenye sukari hauna tofauti kubwa na kumwambia alambe glukosi. Viwandani huutumia kujazia vidonge, kuufanya unga usigande, na kuongeza uzito. Si sumu. Nimesoma hilo mara nyingi mpaka nalijua kwa moyo: si sumu, unaruhusiwa, ni salama kwa watu wengi.

Nilikwenda kwa yule bwana siku hiyo hiyo. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba, kisafi, ukuta umepakwa rangi, na gunia la maltodekstrini lilikuwa limesimama wazi karibu na meza, halijafichwa, na maandishi yake makubwa mbele. Gunia la majani lilikuwa pembeni, limelegea. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilitaka aniambie uongo ili nimrarue. Yeye akanivutia kiti akanieleza kila kitu kwa utulivu. Jani tupu hugandana, haliingii kwenye ganda, sharti litiwe kitu cha kulilainisha na kulijaza. Zamani alikuwa anatia kidogo. Kisha ukaja ukame, majani ya Ronge yakapungua, akaongeza.

Nikamwambia majani yalipungua lakini makopo hayakupungua.

"Dadangu, hii kitu si sumu," akasema. "Hata dawa ya hospitali iko na unga ya kujaza. Na mimi niliandika yote kwa ile karatasi. Wewe ndio ulitoa."

Alikuwa amesema kweli. Nilisimama pale nikiwa na hasira ya kuvunja vitu, na nusu ya ile hasira ilikuwa yangu mwenyewe. Lakini nilimwuliza swali moja, nami nalirudia hapa kwa sababu jibu lake halijanitoka kichwani hadi leo. Nilimwuliza kama alijua mama ana sukari alipomwuzia unga huo kwa kijiko. Akasema anajua, wateja wake wengi wana sukari, ndiyo maana wanatafuta mlonge.

Wengi wana sukari, ndiyo maana wanatafuta mlonge! Fikiria hapo. Si watu wenye afya zao wanaochezea vidonge kwa anasa. Mwenye sukari, mwenye presha, mzee asiye na meno, mama anayenyonyesha, hao ndio wanaokwenda kutafuta kopo la kijani, na hao ndio wale "watu wachache" ambao kijazio kinaweza kuwaumiza. Ukiniambia kitu ni salama kwa wengi, niambie wengi gani, na uniambie kabla sijakitia kwenye uji wa mama yangu. Sigombani na unga wa kujazia. Najua kidonge hakisimami bila kitu cha kukishika. Nagombana na ule uso wa kijani uliobandikwa juu yake, na lile neno "asili", na mstari uliokosa nafasi kwa sababu picha ya tawi ilipendeza. Sukari ikiandikwa kwenye pakiti mama hainunui. Hakuwa mjinga. Alinyimwa neno moja tu, na sisi wawili ndio tuliomnyima.

Niliwaita wale majirani watatu nikawaambia wamwage makopo. Nilibandika karatasi dukani kwangu, kwa herufi kubwa. Niliandikia ofisi inayohusika nikiambatisha lebo niliyoichapa mwenyewe, na mpaka leo nangoja jibu. Mwuza mlonge akatafuta mtu mwingine wa kumchapia. Nimeziona lebo zake mpya. Tawi lake limechorwa vizuri kuliko langu.

Mama aliacha unga, na sukari ikaanza kushuka wiki ile ile, kwa dawa zile zile na mchicha ule ule. Kidole hakikungoja. Kilikatwa, na daktari wa upasuaji alisema tushukuru kwamba ni kidole tu. Nilishukuru. Nilishukuru huku nikisaga meno.

Yule bwana alikuja kumwona mama nyumbani. Alileta ndizi na pakiti mbili za juisi ya embe, ya dukani, ya sukari tupu, na sidhani kama alikusudia ubaya. Ndivyo alivyo, mkono mtupu hauji kwa mgonjwa. Alimwamkia mama kwa heshima zote, akaketi ukingoni mwa kiti, akaomba radhi. Mimi nilisimama mlangoni nikingoja mama amfukuze. Alimkaribisha maji. Aliniambia nimpelekee mto wa mgongo. Alipoondoka nilimlipukia mama, nikamwambia huruma kama ile ndiyo inayowapa watu hawa kichwa. Akanigeukia.

"Yeye kaja kunambia, 'Nimekukosea, bibi,'" akasema. "Nyinyi wengine bado nawangoja."

Nilitoka nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Kidonda kiliposhikana, bado kina bandeji, alitaka kwenda kliniki. Haikuwa siku yake. Nilimwambia tungoje, akasema yeye anakwenda, mwenye kutaka kumpeleka ampeleke. Alioga, akatawadha akipaka maji juu ya bandeji kama alivyoelekezwa, akavaa buibui lake jipya. Alitembea kwa fimbo mpaka mlango wa chumba cha daktari. Akakaa, akafungua leso, akatoa kile kitabu na kukiweka mezani kikiwa wazi kwenye ukurasa ule. Hasomi Kiingereza, lakini mstari ule aliujua ulipo.

"Hili si kweli," akasema. "Nataka litoke."

Daktari alikuwa amekwisha kusikia habari za makopo, maana wagonjwa wengine walikuwa wameleta yao. Akaeleza, macho yake yakiwa chini, kwamba kilichoandikwa kwenye kitabu cha mgonjwa hakifutwi, sheria hairuhusu, lakini anaweza kuandika chini yake. Mama akafikiri. Akasema basi aandike, na aandike kwa Kiswahili ili asihitaji mtu wa kumsomea. Yule dada alichukua kalamu, akaandika polepole, herufi moja moja. Mgonjwa alifuata masharti yote ya chakula. Alidanganywa na unga aliouziwa kama dawa. Akatia sahihi yake na tarehe. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Mama, ilinipasa nikusikize."

Mama aliinama akasoma, kidole chini ya kila neno. Aliitikia kwa kichwa. Nilidhani tumemaliza, nikainuka kumshika mkono.

Hakuinuka. Alikisogeza kile kitabu juu ya meza, akakipitisha mbele ya daktari, mpaka kikafika kwangu.

"Na wewe," akasema.

Daktari akasema kwa upole kwamba hapo hakuna nafasi ya sahihi ya jamaa. Mama alikuwa hamtazami yeye. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu chini ya lile la daktari, ukingoni kabisa mwa ukurasa, kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa haba, na mama akaniambia niandike kubwa zaidi, anataka kuliona.